Nani Alisema Machipuo ni Furaha Tupu?

Hukumu imekwisha kutolewa, na wengi wameipokea bila kudai ushahidi: shairi la majira ya kuchipua ni shairi jepesi. Theluji imeyeyuka, ndege wamerudi, maua yamechanua, mshairi amefurahi, msomaji naye atabasamu, mambo yamekwisha. Kwa hukumu hiyo mashairi ya namna hii yamesukumwa kwenye kadi za salamu na kalenda za ukutani, na mtu akiyataja mbele ya wahakiki huonekana hajakomaa.

Wasomi wana toleo lao la hukumu hiyo hiyo. Wanasimulia kwamba tangu Geoffrey Chaucer, aliyeifungua Canterbury Tales mwishoni mwa karne ya 14 kwa mvua za Aprili na mahujaji wenye hamu ya safari, washairi wa Kiingereza waliendelea kuusifu mwezi huo mfululizo, hadi Oktoba 1922 T. S. Eliot alipochapisha The Waste Land na kuulaumu. Kwa maelezo haya, zaidi ya miaka 500 ya furaha ilikatwa na shairi moja, na anayethubutu kuyaimba machipuo baada ya hapo anajifanya hajui kilichotokea katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Maelezo hayo yanavutia, lakini si ya kweli. Eliot hakupindua chochote. Alijiunga na foleni ndefu, na waliomtangulia walikuwa wamekwisha kusema makali kuliko yake. Katika nchi zenye baridi ya kuua, shairi la machipuo ni shairi la walionusurika. Na aliyenusurika, kabla ya kushangilia, huangalia kwanza nani amebaki.

Jambo la kwanza ni tumbo. Msomaji wa leo anayenunua nyanya mwezi wa Januari katika duka kubwa la London amesahau kwamba kwa mkulima wa Ulaya ya kale machipuo hayakuwa majira ya shibe. Nafaka iliyovunwa Agosti ilikuwa imebaki vumbi ghalani. Nyama iliyotiwa chumvi kabla ya baridi ilikuwa ukingoni. Mboga mbichi hazikuwapo kwa miezi, na kiseyeye kilikuwa kimeanza kulegeza meno. Shamba lilikuwa la kijani, lakini kijani kile hakikuwa chakula bado. William Langland, aliyeishi wakati mmoja na Chaucer, katika nchi ile ile na chini ya mvua ile ile ya Aprili, aliandika Piers Plowman, na ndani yake mkulima Piers anakabiliana na Njaa, aliyemjia kwa umbo la mtu. Piers anamtajia kila alichonacho: jibini mbichi chache, maziwa ya mgando, mkate duni, maharagwe, majani ya bustanini. Hana kuku wala nyama. Na vitu hivyo vichache havina budi kumfikisha mavunoni, mwanzoni mwa Agosti.

Msomaji wa Dodoma au Singida hahitaji kuelezwa sana hapa. Anaijua Februari: mtama umefika kiunoni, bonde lote limependeza, picha yoyote itakayopigwa itatoka nzuri, na ndani ya nyumba debe la mwisho linakwanguliwa. Msomaji huyo akikutana na shairi la kale la Kiingereza lililojaa majani mabichi, atauliza swali ambalo wahakiki wengi hawaliulizi: watu hawa walikuwa wamekula?

Baada ya njaa, vita. Farasi wa jeshi hula majani, na majani hayapatikani chini ya theluji; barabara za tope hazipitishi mikokoteni. Kwa hiyo majeshi yalilala wakati wa baridi na kuamka pamoja na maua. Warumi waliupa mwezi wa Machi jina la Mars, mungu wao wa vita. Mwishoni mwa karne ya 12, kusini mwa Ufaransa, shairi linalohusishwa na Bertran de Born, mmoja wa mabwana wa ngome wa Périgord, linaanza na majani na sauti za ndege wakati wa Pasaka, kisha pasipo kupumua linaingia kwenye mahema, farasi na maiti, na mshairi anavifurahia vyote kwa kipimo kimoja. Dante, karne moja baadaye, alimweka Bertran motoni kwa kosa la kumchochea mtoto wa mfalme dhidi ya baba yake: katika Inferno anatembea akiwa amebeba kichwa chake mwenyewe mkononi, mfano wa taa. Shairi lile linatisha, na wala halikuyasaliti machipuo. Limesema waziwazi majira hayo yalikuwa na maana gani kwa mtu mwenye upanga.

Na tukio la kifo kuingia ghafla katikati ya maua lina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Horace, mshairi wa Roma, ana ode mbili maarufu za machipuo. Katika ya kwanza theluji inaachia, meli zinavutwa kurudi majini, miungu wa kike wanacheza. Halafu Kifo kinafika mlangoni, bila kubagua kibanda cha maskini na jumba la mfalme. Katika ya pili, iliyomo kwenye kitabu cha nne cha ode zake na aliyoiandika akiwa ametimiza miaka 50 au zaidi, anasema jambo gumu zaidi: mwaka huzunguka ukarudi, mwezi hupungua ukajaa, lakini mtu akienda ameenda.

Mei 1914, katika chumba cha mihadhara cha Chuo Kikuu cha Cambridge, A. E. Housman alikuwa akiifundisha ode hiyo ya pili. Housman alikuwa profesa wa Kilatini aliyeogopwa kwa ukali wake, na somo lilikwenda kama kawaida yake: sarufi, nakala za kale, makosa ya wanakili. Kwa mujibu wa mwanafunzi mmoja aliyekuwapo, alipomaliza aliinua uso, akawaambia kwamba dakika zilizobaki angependa walitazame kama shairi tu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Akalisoma kwa Kilatini, kisha kwa tafsiri yake mwenyewe. Akasema kwamba kwake yeye hilo ndilo shairi zuri kuliko yote ya zama za kale, akageuka na kutoka haraka. Kijana mmoja aliyekuwa akitoka pamoja na mwanafunzi huyo alisema alihofu mzee angelia. Kijana huyo aliuawa vitani. Hayo yalitokea miaka minane kabla ya Eliot kuchapisha chochote kuhusu ubaya wa Aprili.

Orodha inaweza kuendelea. Petrarca, mshairi wa Italia, alimpoteza Laura, mwanamke aliyemtungia mashairi, tarehe 6 Aprili 1348, mwaka wa Tauni Kuu, siku na mwezi ule ule ambao, kwa maandishi yake mwenyewe, alimwona mara ya kwanza mwaka 1327. Soneti yake kuhusu kurejea kwa upepo mwanana inaorodhesha uzuri wote wa majira na kuishia jangwani. Henry Howard, Earl wa Surrey, aliifuata soneti hiyo kwa Kiingereza. Mfalme Henry VIII alimkata kichwa Januari 1547.

Hata hivyo, kama lazima achaguliwe shahidi mmoja, hatoki Ulaya. Mwishoni mwa mwaka 755 jemadari An Lushan aliiasi nasaba ya Tang iliyotawala China. Wakati huo huo Du Fu, ofisa wa cheo kidogo, alirudi kwa familia yake huko Fengxian akapokelewa na kilio: mwanawe mdogo alikuwa amekufa kwa njaa. Mwaka uliofuata waasi waliuteka mji mkuu, Chang'an, na Kaizari Xuanzong akakimbia. Du Fu, akiwa njiani kumfuata kaizari mpya, alikamatwa na kurudishwa katika mji uliotekwa, mke na watoto wakiwa mbali. Humo, katika machipuo ya mwaka 757, aliandika shairi la mistari minane, kila mstari herufi tano, jumla herufi 40. Watoto wa shule wa China hulikariri hadi leo.

Vifaa vyote vya kadi ya salamu vimo ndani yake: miti, majani, maua, ndege. Ila majani yale yameota na kushonana mjini, na Sima Guang, mwanahistoria wa karne ya 11, alieleza kwa nini: majani yakiwa mengi hivyo, maana yake watu hawapo. Maua yanamtoa mshairi machozi. Sauti ya ndege inamshtua. Anangoja barua ya nyumbani kuliko mtu anavyongoja mali, na nywele zake zimepungua. Hakuna mahali Du Fu anapoyalaumu machipuo kwa kuja. Yamekuja kwa wakati wake, na kwa sababu yamekuja, kila kilichoondoka kinaonekana. Shairi hili lilitimiza miaka 1,165 wakati The Waste Land linatoka. Anayesimulia kwamba huzuni iliingia kwenye machipuo mwaka 1922 anasimulia historia ya rafu moja ya vitabu.

Rafu nyingine ni ya Kiajemi. Februari 1258 Wamongolia wa Hulagu waliiteka Baghdad na kumuua khalifa wa Bani Abbas. Mwaka huo huo, huko Shiraz, Sa'di alikamilisha Gulistan, kitabu ambacho jina lake ni bustani ya maua na ambacho dibaji yake imewekwa bustanini wakati wa machipuo. Rafiki yake anachuma maua ili aondoke nayo. Sa'di anamwambia kwamba hayo hayatadumu, naye atamwandikia bustani isiyonyauka. Mtu aliyesema hivyo ndiye aliyetunga pia kasida ya kuililia Baghdad. Haiwezekani kuisoma ahadi yake kama pambo la mtu asiye na shida.

Waajemi huuanza mwaka kwa Nowruz, tarehe 20 au 21 Machi, siku machipuo yanapoanza. Sikukuu hiyo ilivuka bahari hadi pwani ya Waswahili, na huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado huadhimishwa kila Julai kama Mwaka Kogwa, ingawa majira yenyewe hayakuvuka nayo. Hata pale sherehe haiingii moja kwa moja kwenye nyimbo na chakula: wanaume hupigana kwanza kwa mapande ya migomba ili wamalize vinyongo vya mwaka uliopita, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto.

Basi ile picha ya machipuo yasiyo na kidonda ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa wahariri. Wimbo wa Kiingereza unaotajwa mara nyingi kama mfano wa furaha isiyo na doa ni wa Thomas Nashe, wenye ndege wanaolia na wapenzi wanaokutana. Mwaka 1861 Francis Palgrave aliuweka wa kwanza kabisa katika The Golden Treasury, mkusanyiko uliosambaa mashuleni katika himaya yote ya Uingereza. Ukiwa peke yake kwenye ukurasa ule, unapendeza na unapita. Lakini Nashe hakuuandika ukae peke yake. Ni kipande cha tamthilia iliyochezwa Croydon mwaka 1592, wakati kumbi za michezo za London zimefungwa na tauni inaanza kazi yake. Hadi mwisho wa mwaka uliofuata ilikuwa imeua zaidi ya watu 10,000 mjini humo. Katika tamthilia hiyo mhusika aitwaye Kiangazi anakaribia kufa na anawaita watumishi wake watoe hesabu ya mali aliyowakabidhi. Machipuo anaitwa wa kwanza, anaingia na kundi lake wakiimba wimbo ule, na anapoulizwa mali iko wapi inaonekana ameitapanya yote. Baadaye, katika tamthilia hiyo hiyo, inaimbwa litania ya mtu anayejua kwamba tauni itamchukua, kwamba dhahabu haitamwokoa wala uzuri hautamsaidia. Nashe aliviandika vyote viwili kwa jukwaa moja na jioni moja. Aliyevitenganisha ni mhariri.

Madhara ya kutenganisha huko yalifika mbali. Watoto wa makoloni walikaririshwa shairi la mshairi Mwingereza Wordsworth kuhusu ua la dafodili, bila kupewa baridi iliyolitangulia ua hilo, na bila kuliona ua lenyewe. Jamaica Kincaid, mwandishi kutoka Antigua, alilieleza jeraha hilo vizuri katika riwaya yake Lucy ya mwaka 1990, na hasira yake ni halali. Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba hawakukosea mwaka 1968 walipodai Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe na Afrika iwekwe katikati ya masomo. Ila wapo wanaoichukua hasira hiyo na kuhitimisha kwamba mashairi ya machipuo ni sanaa ya watu walioshiba, wasio na matatizo. Hapo wanakubaliana na Palgrave bila kujua, kwa kuwa wanalisoma ua kama alivyolikata yeye. Wordsworth huyo huyo mwaka 1798, Uingereza ikiwa vitani na Ufaransa na Ireland ikiwaka kwa uasi, aliandika shairi la mwanzo wa machipuo ambamo utamu wa kichaka alichoketi unamrudisha kwenye mabaya ambayo wanadamu wametendeana. Watoto wangepewa hilo, pengine wangekuwa na neno la kumjibu.

Edward Thomas anastahili kutajwa hapa, kwa sababu yeye ndiye anayeivunja kabisa hoja ya kwamba vita viliwafunga washairi midomo. Pasaka ya mwaka 1913 aliendesha baiskeli kutoka London kuelekea magharibi akiyatafuta machipuo, na safari hiyo ikawa kitabu cha nathari. Mashairi aliyaanza Desemba 1914, vita vimekwisha kuanza. Shairi lake la Pasaka ya mwaka 1915 lina mistari minne tu: maua yamejaa msituni jioni kwa sababu wanaume ambao wangeyachuma pamoja na wapenzi wao wako mbali. Ni hoja ile ile ya majani ya Chang'an, na hakuna dalili kwamba aliichukua kwa Du Fu; aliiona mwenyewe. Aliuawa Arras tarehe 9 Aprili 1917, Jumatatu ya Pasaka, siku ambayo theluji ilikuwa ikianguka.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo limeanza kuzoeleka: kudai kwamba furaha katika mashairi haya ni kinyago tu na huzuni ndiyo ukweli. Hapana. Furaha ni ya kweli, ila ina bei. Wimbo wa kekeo ulioandikwa katika karne ya 13 na kuhifadhiwa na watawa wa Reading hauna kilio hata kidogo. Una mbegu inayoota, kondoo anayemwita mwanawe, ng'ombe anayemwita ndama. Kwa watu waliotoka kwenye miezi ya chumvi na vumbi la nafaka, ng'ombe aliyezaa ni maziwa, na maziwa ni chakula kipya cha kwanza cha mwaka. Hiyo ndiyo furaha inayoimbwa pale. Chini ya maneno ya Kiingereza, kwa noti zile zile, mwandishi wa nakala aliweka maneno ya Kilatini kuhusu Kristo kutolewa sadaka. Watawa hawakuona ajabu kuyaimba yote mawili kwa sauti moja.

Jibu zuri kuliko yote kwa Eliot lilikuja mwaka mmoja tu baada yake. William Carlos Williams alikuwa daktari huko Rutherford, New Jersey, mtu aliyezalisha wanawake na kutibu watoto wa wafanyakazi. Aliliona The Waste Land kama janga, na katika kumbukumbu za maisha yake alilifananisha na bomu la atomiki. Mwaka 1923 alitoa Spring and All, kitabu kilichochapwa Dijon kwa nakala 300 hivi. Shairi lake la machipuo linaanza njiani kuelekea hospitali ya magonjwa ya kuambukiza. Hakuna ua. Kuna tope, magugu makavu yaliyosimama na yaliyolala, vichaka visivyo na majani, upepo wa baridi. Polepole mimea inatoka, uchi, bila uhakika wa kitu chochote, kama anavyotoka mtoto mchanga ambaye daktari huyu amemshika mara nyingi. Williams hamdanganyi msomaji kwamba baridi imekwisha, na anakataa pia kukata tamaa kwa heshima ya mtindo. Mizizi imeshika ardhi, anaiona, anaiandika.

Wanaobaki ni wale wasemao kwamba, hata kama yote hayo ni kweli, mada yenyewe imekwisha. Hawa waende Japani. Mkusanyiko wa Kokinshū, ulioagizwa na kaizari mnamo mwaka 905, ulitenga vitabu viwili kati ya 20 kwa machipuo, na sehemu kubwa ya cha pili ni majonzi ya maua kupukutika. Mwanasayansi Yasuyuki Aono wa Osaka alipotaka kujua micheri ya Kyoto ilichanua lini katika karne zilizopita, alipekua shajara za makaizari, wakuu na watawa, na pia mashairi, akapata mfululizo unaorudi hadi karne ya 9. Kwa mfululizo huo ndipo ikajulikana kwamba mwaka 2021 maua yalifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa kwenye kumbukumbu hadi wakati huo. Rekodi ya kabla yake ilikuwa 27 Machi, mwaka 1409.

Washairi wa haiku hufanya kazi na saijiki, kamusi inayogawa kila ua, ndege na hali ya hewa kwa wakati wake katika mwaka. Sasa ua la mcheri linatangulia wakati liliopangiwa, na mshairi wa Kyoto anayeketi leo kuandika ana jambo ambalo hakuna mtunzi wa Kokinshū aliyewahi kulibeba: maua yakiwahi, hajui ashangilie au aogope. Du Fu alipoteza mtoto, mji na uhuru wake, lakini hakuwa na sababu ya kushuku kwamba mwaka uliofuata majani yasingechipua katika mwezi wake. Shairi la mtu asiye na hakika hiyo ndilo linaloandikwa sasa.